Mbegu za Limi

Enzi zetu mtoto hakuhitaji majani ili aujue mti. Nalisema hili kwa sababu mwezi wa nane uliopita kijana mmoja wa hapa Masumbwe alisimama mbele ya mtonga wangu, akautazama ulivyobaki matawi matupu, akatoa simu, akaupiga picha, kisha akanitangazia kwamba simu inasema huo ni mti uliokufa. Nilicheka mpaka nikashika kiuno. Simu ya bei kubwa namna ile, haijui kwamba kuna miti inayovua nguo kiangazi kizima na bado iko hai. Sisi tuliujua mtonga kwa dole gumba.

Wenzangu mliokulia upande wa Shinyanga miaka ile mtanielewa. Kijiji chetu kilikuwa mbele kidogo ya Kolandoto, nchi tambarare, jua kali, miti ya kuhesabu. Akina mama walipikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake ulikuwa unawasha macho mpaka unalia bila msiba. Miti iliyobaki ilikuwa ndani ya ngitili, lile eneo la malisho ambalo kila ukoo ulilifunga wakati wa masika ili nyasi ziote, likafunguliwa kiangazi kwa ajili ya ndama na ng'ombe wanaonyonyesha. Kuingia ngitili kabla haijafunguliwa lilikuwa kosa, na walinzi wa jadi hawakuwa watu wa mzaha. Kwa hiyo tuliingia tukiwa tumeinama, moyo unadunda, masikio yamesimama, tukiogopa nyoka, tukiogopa fisi, na kuliko vyote tukiogopa filimbi ya walinzi.

Nakumbuka tulivyokuwa tukitoka shule. Asubuhi umekwenda na kidumu chako cha maji na ufagio, mchana unarudi na njaa, mfukoni umebakiwa na vipande viwili vya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani mpaka vikawa vigumu kama kokoto. Unakimung'unya kimoja njia nzima. Nyumbani kuna ugali wa mtama na mlenda, na kama Mungu amependa, maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Siku hizi nawaona vijana wakinunua chipsi asubuhi, chipsi jioni, halafu wanasema maisha magumu. Sawa.

Lakini utamu wetu halisi ulikuwa matonga. Tonga ni tunda la mviringo lenye ganda gumu kama kibuyu kidogo. Unalipiga kwenye jiwe, linapasuka, ndani kuna nyama ya njano iliyoshikana na mbegu bapa, tamu yenye uchachu kidogo unaovuta mashavu. Tukishamung'unya, mbegu tunazitema, tunaziosha, tunazikausha, zinakuwa kete zetu za bao. Tulichimba mashimo ardhini na kucheza mpaka giza linaingia. Kila msichana alikuwa na kete zake kazifunga kwenye pindo la nguo, na ukiibiwa kete ni ugomvi wa wiki nzima.

Shida ni kwamba mtonga una ndugu yake mbaya. Umbo lilelile, tunda la mviringo vilevile, ganda gumu vilevile. Sisi tuliliita tonga la fisi. Wakati wa masika unaweza kuitofautisha miti hii kwa majani, maana jani la mtonga ni la mviringo na gumu, na la ndugu yake ni jembamba. Ila matonga huiva kiangazi, na kiangazi miti yote miwili imepukutisha majani. Hapo ndipo Bibi aliponifundisha, yeye mama yake baba, Bibi Mbula. Alinifumba macho kwa kitambaa, akanishika mkono, akanizungusha ngitili nzima akinipapasisha magome. Ukibonyeza dole gumba kwenye gome na likaingia kidogo, laini kama kizibo cha chupa, lenye mifereji mirefu kutoka chini kwenda juu, huo ndio mtonga. Gome likiwa gumu na jembamba linalobanduka, ondoka. Halafu shika tawi kwa tahadhari: miiba ya mtonga imepinda kama kucha za paka. Nilipokosea alinirudisha mwanzo. Hakunipiga, lakini alinyamaza, na ukimya wa Bibi ulinitia hofu kuliko fimbo.

Kulikuwa na sharti jingine. Tonga bichi haliliwi. Likiwa bado kijani, hata la mtonga wenyewe, linaumiza. Bibi alisema, "Lililoanguka lenyewe uje nalo kwangu nilinuse. Lililo juu si lako." Wengine walikuwa wakiyazika mabichi kwenye mchanga mpaka yawe ya njano, na hilo aliliruhusu. Mama yetu hakuwa na maelezo marefu kama hayo. Yeye alikuwa na fimbo aliyoichomeka kwenye nyasi za paa, juu ya mlango, na kila mtoto alijua kwamba ukishikwa na tonga la kijani fimbo ile inashuka.

Sasa niwaambie kuhusu Limi, mdogo wangu.

Mwaka huo mvua zilikuwa za kusuasua. Mtama ulikauka ukiwa magotini, na kufikia kiangazi tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Limi alikuwa mdogo, hajaanza shule, ana tumbo lililochomoza na mdomo usiotulia. Alasiri moja nilikuwa kisimani na mama. Tuliporudi tulimkuta Limi mbele ya nyumba ya Bibi, amelala chali, miguu imekakamaa. Alikuwa ametapika. Bibi amempakata kichwa na anamwita kwa jina. Jambo lililonitisha zaidi ni kwamba kila sauti ilimshtua: mbuzi akilia, mwili mzima wa Limi unaruka, mama alipoangusha ndoo, aliruka mpaka nikafikiri atavunjika mgongo. Macho yalikuwa wazi, anatuona, ila meno yameumana. Niliogopa kwa namna ambayo hadi leo, nikisikia ndoo ikianguka, kwanza namtafuta mtoto aliye karibu.

Baba alimfunga Limi mgongoni kwa kanga ya mama, akapanda baiskeli, akaenda naye hospitali ya misheni. Kule wauguzi walimpokea vizuri, wakauliza swali moja: amekula nini? Baba hakujua. Alirudi mbio kuuliza. Lakini mama, kwa ile hofu, alikuwa ameshafagia uwanja wote, matapishi, maganda, takataka, akavichoma moto. Sisi Wasukuma na uwanja safi, mnatujua; hata msiba ukiingia, kwanza tunafagia. Kilichobaki ni mbegu za tonga alizozikuta mama kwenye pindo la nguo ya Limi, amezifunga vizuri ziwe kete zake. Ukizitazama mbegu, za mtonga na za tonga la fisi ni zilezile.

Limi hakufa. Aliletwa nyumbani akiwa amekonda, hana sauti, anatembea kwa kushika ukuta. Alipopata nguvu ya kusema, baba alimkalisha na kumuuliza mbele yetu sote.

"Ulikula nini, mama?"

"Tonga."

"Lilikuwa la kijani au limeiva?"

Limi alitazama juu ya mlango. "Limeiva."

"Halafu?"

"Halafu Bibi akanipa uji."

Basi. Ndivyo ilivyoanza, kwa maneno machache ya mtoto. Jirani mmoja aliyekuja kutoa pole aliyasikia, akayabeba, na kufikia jioni yalikuwa yameshafika upande wa pili wa kijiji yakiwa yamenenepa. Tonga lililoiva haliumizi mtu. Basi kilichomuumiza mtoto ni nini? Uji. Na aliyepika uji ni nani? Mzee mwenye macho mekundu.

Wenzangu, mnajua maneno hayo yalikuwa na uzito gani kwetu. Kwingine macho mekundu ni macho mekundu. Kwetu, mwanamke mzee akiwa na macho mekundu, na mjukuu akaugua nyumbani kwake, watu hawaulizi amepikia moshi wa mavi ya ng'ombe kwa miaka mingapi. Wanaacha kumsalimia. Wanaanza kukumbuka ndama aliyekufa mwaka juzi. Halafu asubuhi moja mnasikia kwamba bibi wa kijiji fulani ameshambuliwa kwa panga, na hakuna aliyeona kitu. Tulikuwa tumeshasikia habari kama hizo mara kadhaa. Sikuwahi kufikiri zinaweza kugeuka na kutembea kuelekea kwetu.

Kulikuwa na njia moja tu ya kumtoa Bibi kwenye maneno hayo: Limi awe alikula tonga la fisi bila kujua. Mtoto mdogo, kiangazi, miti haina majani, angejuaje? Bibi mwenyewe ndiye aliyelisema hilo mbele ya mkuu wa walinzi wa jadi, mzee mrefu aliyekuja na wenzake kukaa uwanjani kwetu na mishale yao. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, kana kwamba wanajadili bei ya kunde, "Mbegu za tonga alilokula mtoto hizi hapa. Nitazipanda mbele yenu. Zikiota mtaona majani, na kila mmoja wenu anajua kutofautisha majani. Nipeni masika moja."

Wakakubali. Mvua za kwanza zilipolainisha udongo, Bibi aliandaa kitalu kwenye zizi la zamani, penye samadi nyeusi iliyolainika. Alitengeneza mistari miwili. Kwenye mstari mmoja alipanda mbegu za Limi. Kwenye wa pili alipanda mbegu za tonga la njano, aliloliokota chini ya mtonga mkubwa wa ngitili huku mkuu wa walinzi akimtazama, ili watu wawe na cha kulinganishia, jani kwa jani. Majirani walisimama wakiangalia. Enzi hizo hakuna mtu aliyewahi kupanda mtonga. Nani apande mti wa porini? Hiyo ilikuwa kazi ya nyani na ng'ombe; wanakula, wanakwenda mbele, wanaacha mbegu huko wanakoacha. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na uzoefu wa kitalu kile, na Bibi naye hakuwa nao.

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, nilikwenda zizini kutazama udongo. Niliomba. Tulikuwa tumeanza kusali wakati huo, lakini bibi zetu walikuwa na namna zao pia, na mimi niliomba kwa namna zote mbili nisije nikakosea mlango. Niliomba mbegu za Limi ziote, na ziote tonga la fisi. Fikiria mtoto anaomba mdogo wake awe alikula sumu. Ndiyo maombi niliyokuwa nayo.

Nyumbani kukawa kugumu. Mama hakumtuhumu Bibi hata siku moja kwa mdomo. Lakini nilimwona akipokea uji kutoka kwa Bibi, akashukuru kwa heshima zote kwa kupiga goti, akaingia nao ndani, akaumwaga nyuma ya nyumba na kuufunika kwa majivu. Siku ile nilijua kwamba hata sisi hatukuwa salama na mawazo yetu wenyewe. Niliogopa kwa ajili ya Bibi, na mchana fulani fulani, aliponitazama na yale macho yake, nilimwogopa yeye mwenyewe. Baba alitengeneza mlango mpya wa nyumba ya Bibi, wa mbao nzito, na komeo kwa ndani.

Kisha mbegu zikaota. Zilikawia mpaka watu wakaanza kukata tamaa, halafu asubuhi moja baada ya mvua kubwa niliona udongo umepasuka na vichwa vya kijani vimeinama. Nilikimbia kumwita Bibi nikiwa nalia kwa furaha. Alikuja, akachuchumaa, akatazama muda mrefu. Mstari ulioota ulikuwa wa pili. Ule wa Limi ulikuwa kimya.

Tukasubiri. Mstari wa pili ukatoa majani ya mviringo, magumu, yanayong'aa, mtonga halisi. Mstari wa Limi hakuna hata mche mmoja. Bibi alifukua mbegu moja kwa kidole, akaitazama, ilikuwa imeoza. Akafukua nyingine. Nayo imeoza. Aliusawazisha udongo kwa kiganja kama mtu anayemfunika mtoto.

Watu ndio waliosema. Udongo mmoja, mkono mmoja, maji mamoja, mvua moja. Mbegu nzuri zimeota, za mtoto zimekataa. Amezichemsha ili ukweli usijulikane, walisema. Wengine wakasema hajazichemsha, mbegu zimeukataa mkono wake. Ule mpango uliokuwa wa kumwokoa ndio uliommaliza. Mkuu wa walinzi hakuja tena kukaa uwanjani kwetu. Alipita barabarani akitazama mbele.

Asubuhi moja baba alikuta mlango mpya wa Bibi umekatwa kwa panga. Haukuvunjwa, uliwekwa alama tu, pigo juu ya pigo, ili mwenye nyumba ajue kwamba wanajua anapolala. Bibi alikuwa ndani, amekaa kitandani, amevaa, mikono magotini. Baba hakuuliza chochote. Kabla jua halijapanda vizuri alikuwa ameshaongea na dereva wa lori la pamba lililokuwa linaelekea magharibi, na Bibi akapandishwa juu ya marobota kwenda kwa shangazi yetu aliyeolewa huku Masumbwe. Alibeba kifurushi cha nguo, chungu kidogo, na mche mmoja wa mtonga alioung'oa na udongo wake na kuuweka kwenye kopo la mafuta. Aliniita karibu na tairi la lori. "Ng'wanone," aliniambia, yaani mwanangu, "angalia ule mstari. Huenda zimechelewa tu." Lori likaondoka na vumbi lake.

Niliuangalia mpaka kiangazi. Hakuna kilichoota.

Bibi hakurudi tena. Baba alikuwa akimtembelea kila baada ya mavuno, na kila alipofika, kama alivyotuambia, kabla ya salamu kwisha Bibi aliuliza, "Zile za Limi zimeota?" Baba anasema bado. Mwisho baba akawa anaogopa kwenda. Hakuogopa safari wala njia. Aliogopa swali lile. Nilipokuwa darasa la sita Bibi alifariki huku huku, kitandani, kwa ugonjwa, na watu wazima walishukuru kwamba ni kwa ugonjwa. Shangazi alisema hata siku za mwisho alikuwa akiuliza.

Maisha yakaenda. Niliolewa, nikazaa, nikafiwa na mume, na shangazi alipozeeka bila mtoto nilikuja Masumbwe kumuuguza, nikabaki na nyumba yake na mti. Mche ule wa kwenye kopo ndio huu mtonga ulio uwanjani kwangu. Miaka yake ya kwanza, shangazi alinisimulia, kila kiangazi ulipukutisha majani ukabaki kijiti, na kila kiangazi watu walitaka kuung'oa wakidhani umekufa, na Bibi alikuwa akikaa nao kama mtu anayelinda mgonjwa. Sasa gome lake limekuwa nene, dole gumba linazama. Wachimbaji wa dhahabu wameshaniuliza mara nyingi kama nauza, wanataka matimba, zile nguzo za kuzuia mashimo yao yasiporomoke. Miti mingi ya huku imeshukia mashimoni namna hiyo. Nawaambia huu una miiba.

Mtafikiri mtu kama mimi anafurahia mti wake. Nawaambia ukweli: nauogopa. Watoto wa wachimbaji wamejaa hapa, wametoka kila mkoa, hawajui mtonga na hawajui tonga la fisi. Wanaona tunda, wanatupa jiwe. Kila nikisikia jiwe likipiga tawi nashtuka kama Limi siku ile. Maana mimi nami sasa ni mwanamke mzee ninayekaa peke yangu, nimepikia kwenye moshi miaka yote, na nikijitazama kwenye kioo macho yangu ni ya Bibi. Mwaka juzi mtoto wa Mama Neema, jirani yangu, alitapika. Mama Neema alikuja, akasimama getini, akanitazama bila kunisalimia, akaondoka. Nilijifungia ndani mchana kutwa, nimekaa kitandani, nimevaa, mikono magotini. Baadaye ikajulikana mtoto alikula embe bichi kwa chumvi debe zima. Mama Neema akaja na sukari kunipa pole kwa kunishtua, tukacheka wote. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Ndipo nikaamua kuwafundisha. Nikawaita watoto wote wa mtaa, nikawafumba macho kwa kitambaa, nikawapapasisha gome. Wananiita Bibi Tonga, na wananiiga ninavyotembea, nimewaona. Nikawaambia kila mmoja atapanda mtonga kwao ili waache kuurushia mawe wangu. Nikanunua viriba, vile vifuko vyeusi vya miche, tukajaza udongo na samadi. Mbegu za matonga ya njano yaliyoanguka yenyewe hazikutosha watoto wote. Kulikuwa na rundo la matonga ya kijani waliyoyaangusha kwa mawe, nikaona hasara kuyatupa. Nikayapasua, nikatoa mbegu, nikazipanda upande wa pili wa kitalu.

Masika yalipokolea, upande wa njano uliota. Upande wa kijani haukuota.

Nilisimama hapo na kopo la kumwagilia mkononi, maji yanamwagika miguuni. Nilichuchumaa nikafukua mbegu moja kwa kidole. Imeoza. Mistari miwili, udongo mmoja, mkono mmoja. Nikaona zizi letu la zamani, nikaona kiganja cha Bibi kikisawazisha udongo. Mbegu za tonga bichi haziko tayari, haziwezi kuota hata ukizipanda kwenye samadi ya mfalme. Mtu yeyote aliyewahi kupanda matonga angejua hilo. Kwetu hakukuwa na aliyewahi kupanda.

Nilimpigia simu Limi. Anakaa Ibadakuli, ana wajukuu, anauza nguo za mitumba, mwanamke mwenye kicheko kikubwa. Nikamuuliza moja kwa moja, "Lile tonga ulilokula ulipougua, lilikuwa rangi gani?"

Nilisikia ndege ikipita juu ya nyumba yake, ikaenda mpaka ikaisha.

"La kijani," alisema. "Nilimwambia baba limeiva kwa sababu ya fimbo ya mama. Kwani vipi, dada?"

Hakujua. Alikuwa mdogo, akaambiwa Bibi amehamia kwa shangazi, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza tulichokuwa tunatafuta kwenye ule udongo. Aliulizwa mara moja, akajibu, na enzi zetu mtoto akishajibu ilikuwa imekwisha. Nilitaka kumwambia. Nikafikiria kile kicheko chake. Nikamwambia nimeulizia tu, ni mambo ya uzee.

Nazitamani siku zile, sitadanganya. Natamani michembe, natamani bao la mashimoni, natamani mtoto anayejua mti ukiwa uchi. Tulijua mengi kuliko hawa wa simu. Lakini hawa wana kitu kimoja ambacho sisi hatukuwa nacho: wanauliza, na ukiwajibu wanauliza tena, hawana haya. Sisi tulikuwa na adabu nyingi mno, na fimbo juu ya mlango.

Jana Neema, mtoto wa jirani, alikuja kuchukua mche wake. Akausifu, akaukumbatia na kiriba chake, halafu akauona ule upande wa pili wa kitalu, udongo mtupu ambao sijataka kuufukua wote.

"Bibi Tonga, na hizi je? Zimeota?"

Miaka yote swali lile lilikuwa halijapata mtu wa kulijibu. Nilishika mti, dole gumba likazama kwenye gome.

"Hazijaota," nilisema. "Na hazitaota. Zilichumwa mbichi. Si kosa la aliyezipanda."